Je, binti Yeftha ni Iphigenia wa Wagiriki?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kwenye darasa la vijana kanisani tulikuwa tunasoma Waamuzi sura ya 11, habari za Yeftha na binti yake. Kijana mmoja anayesoma chuo akasimama akasema hadithi ile Waebrania waliichukua kwa Wagiriki: binti Yeftha ndiye Iphigenia, Hawa ndiye Pandora, mke wa Potifa ndiye Phaedra, na mke wa Lutu ndiye Eurydice. Nusu ya darasa ikamjia juu. Mimi mwenyewe sikuwa na la kusema. Je, ni kweli? Na je, kuna ubaya kuzisoma hadithi hizi pamoja?

JIBU: Marahaba. Kwanza, huyo kijana msimkatishe tamaa, maana inaonekana anasoma. Alipoteleza ni pale aliporukia neno "waliichukua".

Nikupe jibu lenyewe mapema. Katika hizo jozi nne, hakuna hata moja ambayo tunaweza kuonyesha kwamba mwandishi wa Kiebrania alikuwa na hadithi ya Kigiriki mbele yake. Iko jozi nyingine ambayo kijana hakuitaja, ya Samsoni na Delila, ambapo hoja ya kupokezana ina nguvu kidogo, nitaifikia. Lakini kuna jambo ambalo wanaopenda kulinganisha hadithi hizi hulisahau: sehemu kubwa ya mfanano tunaouona leo ilitiwa baadaye. Walioutia ni wahubiri, washairi na wachoraji waliolelewa na Biblia na visasili vya Kigiriki kwa pamoja, wakazivuta hadithi hizi karne kwa karne zikakaribiana, hata sasa mtu akizitazama anadhani zilizaliwa pacha.

Tuanze na binti Yeftha, kwa kuwa ndiye aliyezua ugomvi.

Yeftha wa Gileadi alikuwa mwana wa kahaba. Ndugu zake walimfukuza asirithi, akaenda kuishi na watu ovyo. Waamoni walipoleta vita, wazee wale wale wakamfuata wakimwomba awe jemadari wao. Kabla ya kupigana akaweka nadhiri: chochote kitakachotoka milangoni mwa nyumba yake kuja kumlaki, akirudi salama, atakitoa kiwe sadaka ya kuteketezwa. Akashinda. Akarudi Mispa, na aliyetoka ni binti yake, mtoto wake wa pekee, na matari na michezo. Baba akararua mavazi yake, na maneno ya kwanza kumtoka ni ya kumlaumu mtoto, kwamba yeye ndiye anayemtesa. Binti halii. Anamwambia baba yake kwamba amekwisha kumfunulia Bwana kinywa chake, basi amtendee kama alivyosema. Ila ampe miezi miwili aende milimani na wenzake akaulilie ubikira wake. Akaenda, akarudi, na baba akamtenda sawasawa na nadhiri yake. Kisu hakitajwi, moto hautajwi. Mwandishi anafunga kwa desturi: binti za Israeli walikuwa wakienda kila mwaka, siku 4, kwa ajili ya binti Yeftha.

Iphigenia naye ni binti wa Agamemnon, kiongozi wa majeshi ya Wagiriki yaliyokuwa yanakwenda kupigana na mji wa Troy. Merikebu zimekwama bandari ya Aulis kwa sababu ya upepo. Mwaguzi Calchas anasema mungu mke Artemis ameudhika na hatatulia mpaka binti huyo achinjwe. Baba anatuma ujumbe nyumbani: mleteni Iphigenia, ameposwa na Achilles. Msichana anakuja na mama yake akidhani anakuja harusini.

Ukizisimulia kwa kasi namna hii, kweli zinafanana: jemadari, vita, binti bikira, kifo mahali pa ndoa. Ila zisome taratibu uone zinapoachana. Agamemnon anamjua anayekwenda kufa na anamdanganya ili aje. Yeftha hamjui, ingawa hapo wasomaji wengi wanampa msamaha wa haraka mno. Katika Israeli ilikuwa ni wanawake waliotoka na matari kuwalaki washindi. Miriamu na wanawake walitoka hivyo baada ya kuvuka bahari, na wanawake walitoka hivyo kumlaki Sauli wakati wa Daudi. Yeftha alitarajia nani atoke mlangoni, mbuzi? Halafu, kwa Wagiriki mungu ndiye aliyedai damu. Katika Waamuzi hakuna aliyedai. Roho ya Bwana ilikuwa imekwisha kumjia Yeftha kabla hajaweka nadhiri, kwa hiyo hata haja ya nadhiri haikuwapo, na tangu anaitamka mpaka binti anakufa Mungu hasemi neno lolote.

Kwa upande wa nadhiri, jirani wa Yeftha kwa Wagiriki ni Idomeneus, mfalme wa Krete. Alinaswa na tufani akirudi kutoka Troy, akaahidi kutoa sadaka kitu cha kwanza kitakachomlaki nchi kavu. Akalakiwa na mwanawe wa kiume. Lakini habari hiyo inatufikia kwa Servius, mfafanuzi wa Kilatini wa mnamo mwaka 400 BK. Anayetafuta nani alimwibia nani hapo atapata tabu, maana kitabu cha Waamuzi kilikuwa kimekwisha kusomwa kwa karne nyingi.

Na Iphigenia yupi tunayemsema? Homer, mshairi wa kale wa Wagiriki, katika utenzi wake wa Iliad, hasemi neno kuhusu kuchinjwa kwake. Aeschylus, katika tamthilia yake ya mwaka 458 KK, anamchinja. Euripides, katika tamthilia iliyoigizwa mwaka 405 KK baada ya yeye mwenyewe kufa, anamwokoa: dakika ya mwisho msichana anatoweka na paa anaonekana amelala madhabahuni akivuja damu, ingawa wataalamu wengi wanaamini ukurasa huo wa mwisho uliongezwa na mkono mwingine. Ukimshika huyu wa paa, jozi yake ya Biblia ni Isaka na kondoo dume wa Mwanzo 22. Binti Yeftha anabaki na yule wa Aeschylus, aliyekufa kweli. Hapo mimi huwa nawaambia wanafunzi wangu watulie kidogo: katika Biblia mwana anasimamishiwa kisu kwa sauti kutoka mbinguni, binti hasimamishiwi.

Huyo wa Aeschylus inafaa msome mistari yake darasani, kama ishirini tu. Wazee wa mji wanakumbuka yaliyotokea Aulis. Baba anamaliza dua, anawaamuru wahudumu wamnyanyue binti juu ya madhabahu kama mbuzi jike, uso ukielekea chini, na wamzibe kinywa chake kizuri asije akaitamkia nyumba ile laana. Vazi lake la rangi ya zafarani linamwagika hadi ardhini. Hawezi kusema, kwa hiyo anawatazama waliomshika mmoja mmoja, na macho yake yanawachoma kama mishale. Anataka kuwaita kwa majina, kwa sababu anawajua: mara nyingi baba alipowakaribisha mezani, yeye ndiye aliyewaimbia. Kisha wazee wanasema yaliyofuata hawakuyaona wala hawayasemi.

Waandishi wote wawili, wa Kiebrania na wa Kigiriki, wamekataa kutuonyesha kifo chenyewe. Lakini tazama vinywa. Kwa Aeschylus binti amezibwa kinywa ili baba asilaaniwe. Katika Waamuzi kinywa kilichofunguka vibaya ni cha baba, na binti anamwambia hivyo usoni, kwa heshima zote. Yeye ndiye mwenye maneno yenye akili katika sura nzima. Anapanga muda, anachagua mahali, anachagua wenzake wa kwenda nao. Ndiyo maana mimi sikubali binti Yeftha aitwe nakala. Kama ni nakala, aliyenakili aligeuza kitu cha msingi kabisa.

Na mama zao? Clytemnestra, mama yake Iphigenia, anakaa miaka yote ya vita na uchungu wake. Agamemnon anaporudi anamuua, na anasema wazi kwamba anamlipia mtoto wake. Mama wa binti Yeftha hatajwi hata kwa nusu mstari. Waulize vijana wako yuko wapi, uone mjadala utakavyokwenda.

Mfanano wa kweli, ule ambao wataalamu wanautilia maanani, umekaa mahali ambapo watu hupapita haraka: zile siku 4. Katika pwani ya mashariki ya Attica, mahali panapoitwa Brauron, kulikuwa na hekalu la Artemis ambako wasichana wadogo wa Athens walipelekwa kabla ya umri wa kuolewa. Waliitwa dubu wa Artemis. Aristophanes, katika tamthilia yake ya mwaka 411 KK, anawafanya wanawake wajivunie kwamba walikuwa dubu kule Brauron na vazi lao la zafarani, vazi la rangi ile ile aliyovaa Iphigenia wa Aeschylus. Wagiriki waliamini kaburi la Iphigenia liko hapo hapo, na Euripides anasema nguo za wanawake waliokufa wakijifungua zilipelekwa kwake. Kwa hiyo pande zote mbili za bahari tuna hadithi ya binti aliyekufa kabla ya kuolewa, na tuna wasichana halisi wanaokusanyika kumkumbuka wakiwa wanakaribia kuolewa wao. Hili halihitaji mtu kunakili kitabu cha mtu. Msichana anayeacha nyumba ya baba yake huagwa kwa nyimbo na kwa vilio pia, na jamii nyingi zimetafuta hadithi ya kuubeba ule uchungu. Nani asiyejua kwamba hata kwetu bibi harusi hulia, na hulizwa?

Sasa nikuonyeshe mkono ulioingia baadaye. Binti Yeftha hana jina katika Biblia. Waebrania 11:32 inamtaja baba yake miongoni mwa mashujaa wa imani, yeye hapana. Wayahudi wa karne ya 1 BK walilihisi pengo hilo, na mmoja wao, ambaye leo tunamwita Pseudo-Philo kwa kuwa jina lake halisi limepotea, alimwita Seila, akamtungia wimbo wa kujililia mlimani, na akamwonyesha Mungu amekasirika: je, kama angetoka mbwa kwanza, ningetolewa mbwa? Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne hiyo hiyo, akaandika waziwazi kwamba sadaka ile haikuwa halali wala haikumpendeza Mungu. David Kimhi, mfafanuzi Myahudi aliyefariki mwaka 1235, akasema hakuchinjwa, alitengwa tu asiolewe, na bado wapo wahubiri wanaolishika jibu hilo.

Kisha akaja George Buchanan, msomi wa Scotland, aliyekuwa ametafsiri tamthilia za Euripides kwa Kilatini. Mwaka 1554 alichapisha tamthilia yake mwenyewe juu ya Yeftha. Binti akamwita Iphis, akampa na mama, na ugomvi wa mama na baba ukafuata nyayo za Clytemnestra na Agamemnon. Handel naye, mtunzi wa muziki, katika oratorio yake (hadithi inayoimbwa bila kuigizwa) iliyoimbwa London mwaka 1752, akaendelea na jina Iphis, na mwisho malaika anashuka kumwokoa binti, kama Artemis alivyoleta paa. Kwa karibu miaka 200 basi, watu wa Ulaya waliletewa binti Yeftha akiwa kama amevaa nguo za Iphigenia. Kijana wako amekuta kazi imekwisha kufanywa, akadhani ni ya zamani.

Hawa na Pandora ndio mfano mkubwa zaidi wa kazi ya namna hiyo.

Pandora tunamjua kwa Hesiod, mshairi wa mnamo mwaka 700 KK. Prometheus amewaibia wanadamu moto, na Zeus, mkuu wa miungu, analipiza. Anaagiza Hephaestus afinyange mwanamke kwa udongo na maji. Athena anamvika na kumfundisha kufuma, Aphrodite anampa uzuri, na Hermes anamtia akili ya mbwa na tabia ya wizi. Anapelekwa kwa Epimetheus, ndugu yake Prometheus, ambaye alikuwa ameonywa asipokee zawadi yoyote ya Zeus akasahau. Pandora anafunua mtungi mkubwa, maradhi na taabu zinatawanyika duniani, na tumaini linabaki ndani chini ya ukingo.

Kila mtu anayenisimulia hadithi hii huongeza kwamba Pandora alikatazwa kufungua, akashindwa kujizuia. Hesiod hakusema hivyo. Hakuna katazo, hakuna jaribu, na hakuna neno hata moja linalomtoka Pandora. Katazo limevuja kutoka bustani ya Edeni. Na upande wa pili, tofaa ambalo kila mtu anamwona Hawa amelishika halimo katika Mwanzo. Sura ya 3 inasema tunda tu.

Ukiondoa vilivyovuja, hawa wanawake wawili hawafanani sana. Pandora ametengenezwa awe adhabu, na Hesiod anaendelea kusema kwamba kizazi cha wanawake ni kama nyuki madume wanaokaa mzingani wakila jasho la wengine. Hawa anaumbwa kwa sababu si vema mtu awe peke yake, na mwanamume anapomwona anafurahi mpaka anatoa shairi: huyu ni mfupa katika mifupa yangu. Hawa anazungumza na nyoka, anabishana naye juu ya alichosema Mungu, anautazama mti, anapima, anakula. Amekosea, lakini amekosea kama mtu mwenye akili zake. Mungu naye anamhoji yeye mwenyewe, kama alivyomhoji mumewe. (Mumewe, mtakumbuka, alijitetea kwa kumtaja mke na aliyempa huyo mke katika sentensi moja.)

Nani aliwaunganisha? Wa kale ni mababa wa kanisa. Origen, akiandika mnamo mwaka 248 BK kumjibu Celsus, mpagani aliyeicheka hadithi ya Adamu na Hawa, alinakili beti za Hesiod juu ya Pandora akauliza: hizi mnasema zina maana ya ndani, zetu mnacheka, kwa nini? Tertullian wa Carthage, kabla yake kidogo, aliwaambia wanawake wa kanisa kwamba kila mmoja wao ni Hawa, ni mlango wa shetani. Maneno hayo mimi nayasikia yana sauti ya Hesiod kuliko ya Mwanzo. Na Paris, katika jumba la Louvre, upo mchoro wa Jean Cousin wa mnamo mwaka 1550. Mwanamke yuko uchi, amejilaza pangoni; kiwiko kimoja kimeegemea fuvu la mtu na mkononi ana tawi la tofaa; mkono wa pili uko juu ya chombo, na nyoka ameuzunguka. Juu yake kibao kimeandikwa kwa Kilatini: Hawa, Pandora wa kwanza. Mchoro mmoja, wanawake wawili, lawama zimejumlishwa.

Mke wa Potifa nitampitia kwa haraka, kwa sababu jozi yake inajibika kwa kipande cha mafunjo. Katika British Museum kuna hadithi ya Kimisri ya ndugu wawili, Anubis na Bata, iliyoandikwa mwishoni mwa karne ya 13 KK. Mke wa Anubis anamtaka Bata, Bata anakataa, mke anajifanya amepigwa, mume ananoa mkuki na kujificha nyuma ya mlango wa zizi, na ng'ombe wanamwonya Bata akimbie. Hadithi hiyo ni ya kale kuliko Homer, ambaye ana ya kwake ya Anteia na Bellerophon, na kuliko Phaedra wa Euripides wa mwaka 428 KK, yule aliyempenda mwana wa mumewe kisha akamsingizia. Kisa cha mwanamke mkubwa anayemsingizia kijana kilikuwa kinazunguka mashariki yote ya bahari ile, na cha Yusufu kimewekwa Misri kwenyewe. Hakuna haja ya kumfuata Mgiriki.

La kutazama hapo ni nani aliyepewa moyo. Katika Mwanzo 39 mke wa Potifa anashika vazi, anapiga kelele, anatoweka, hatumsikii tena. Euripides anampa Phaedra nafasi ndefu ya kupigana na nafsi yake, na mapenzi yenyewe ametiwa na Aphrodite. Majirani zenu Waislamu wanacho kisa hicho katika Sura ya Yusuf, na humo mwanamke anapata nafasi ambayo Mwanzo haikumpa: anawaita wanawake wa mji waliomsengenya, wanakata mikono yao kwa visu walipomwona Yusufu, na mwishoni anakiri kwa kinywa chake kwamba yeye ndiye aliyemtaka. Pwani wanamwita Zulekha, jina lililotoka kwenye mapokeo nje ya Kurani. Kama darasani mko na marafiki wa dini zote mbili, anzeni na huyu.

Kuhusu mke wa Lutu, kijana amechagua jozi isiyofaa. Orpheus, mwimbaji aliyeshuka kuzimu kumrudisha mkewe Eurydice, ndiye aliyegeuka nyuma, na Eurydice ndiye aliyepotea. Mke wa Lutu aligeuka mwenyewe akapotea mwenyewe. Kilichobaki pamoja ni kwamba mwanamke ndiye aliyelipa pande zote mbili. Jozi bora ni Niobe, aliyejisifu kwa wingi wa watoto wake mbele ya Leto, mama wa miungu wawili, wakauawa wote, naye akageuka jiwe linalolia katika mlima Sipylus, nchi ya Uturuki ya leo. Nguzo ya chumvi na jiwe linalolia zote zimetoka kwenye mandhari. Josephus anaandika kwamba nguzo ya mke wa Lutu ameiona yeye mwenyewe. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK, alipanda Sipylus kumwona Niobe, na anakiri kwamba ukifika karibu ni jabali tu, halina sura ya mwanamke wala ya kilio. Rudi mbali, ndipo utadhani unamwona ameinamisha kichwa. Watu waliishi na mwamba wenye umbo la mtu wakatafuta kwa nini uko pale.

Na ukitaka hadithi yote ya Sodoma kwa Kigiriki, iko, ila imefika kwetu kwa Ovid, Mrumi wa wakati wa Yesu kuzaliwa. Zeus na Hermes wanatembea Frigia wakijifanya wasafiri, nyumba zote zinawafungia milango isipokuwa kibanda cha wazee wawili, Baucis na Philemon. Wageni wanawaambia wapande mlimani. Wakiwa wamebakiza umbali wa mshale kufika kileleni wanageuka nyuma, na nchi nzima imezama majini. Wamegeuka wote wawili, na hakuna lililowapata. Ovid hakuwa na haja ya kumwadhibu Baucis. Linganisheni na Mwanzo 19:26, aya moja fupi, bila jina la mwanamke na bila kutuambia aliangalia nini. Alikuwa na binti walioolewa mle mjini, kama tunavyoweza kuelewa kutoka aya ya 14.

Sasa Samsoni, niliyemwahidi. Hapa kijana wako angekuwa na kitu cha kushika. Katika mji wa Kigiriki wa Megara alikuwako mfalme Nisus, ambaye uhai wake ulikuwa katika unywele mmoja wa zambarau. Minos wa Krete aliuzingira mji, na Scylla, binti wa mfalme, akaukata unywele huo baba akiwa amelala. Ovid anasema alifanya kwa mapenzi. Aeschylus, aliye mkongwe zaidi, anasema alihongwa mikufu ya dhahabu ya Krete. Delila naye anahongwa: kila mkuu wa Wafilisti anamwahidi vipande 1,100 vya fedha, na Samsoni ananyolewa akiwa amelala magotini pake. Wafilisti wenyewe, kwa maneno ya Amosi 9:7, walitoka Kaftori, ambayo wengi wanaichukulia kuwa Krete. Vyombo vyao vya kwanza vya udongo, vilivyochimbuliwa Ashdodi na Ekroni, vina mtindo wa Wagiriki wa kale, na mwaka 2019 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya Ashkeloni ulioonyesha damu ya kusini mwa Ulaya miongoni mwa walowezi wa mwanzo. Kabila la Dani, la Samsoni, lilikuwa limepakana nao. Mtu akiniambia hadithi ya nywele ilivuka mpaka huo kwa mdomo, sokoni au kwenye ndoa za mchanganyiko, sitamkatalia. Lakini hata hapo, Scylla anamsaliti baba na mji wake kwa adui. Delila, ambaye Biblia haisemi ni wa kabila gani, hatujui kama alimsaliti yeyote wa kwao.

Umeuliza kama kuna ubaya kuzisoma pamoja. Soma Matendo 14: watu wa Listra walimwona Paulo amemponya kiwete, wakamwita Barnaba Zeu na Paulo Herme, wakaleta ng'ombe wa sadaka. Listra haiko mbali na Frigia ya Baucis. Kwa wanaoijua ile hadithi ya wageni wawili, kelele zile zinaeleweka mara moja: safari hii hawakutaka kuwafungia mlango. Na katika Matendo 17 Paulo mwenyewe, akiwa Athens, ananukuu ubeti wa mshairi Mgiriki Aratus kwamba sisi ni wazao wake. Katika shairi lenyewe anayesemwa ni Zeus. Kwa hiyo wenye kuogopa wana mtume wa kushindana naye.

Ninachokushauri ni utaratibu. Msianze na Iphigenia. Someni Waamuzi 10 hadi 12 kwa mkupuo, ili vijana waone kwamba Yeftha ni mtu wa maneno tangu mwanzo: anapatana bei na wazee wa Gileadi, anapeleka wajumbe mara mbili kwa mfalme wa Waamoni akimweleza historia ndefu, kisha anaweka nadhiri isiyo na mipaka, na katika sura ya 12 anapigana na Waefraimu, ndugu zake, bila kutafuta suluhu ya namna ile, wakafa 42,000. Mkimaliza hapo ndipo umpe huyo kijana wa chuo ile mistari ya Aeschylus aisome kwa sauti, na swali la kwanza mwachie aulize yeye.